Kufinyanga mtungi wa mapambo bila gurudumu wala tanuri la umeme

Anayetaka kuanza ufinyanzi huja na maswali yaleyale. Lazima ninunue gurudumu? Tanuri nitalitoa wapi? Udongo wa nyuma ya nyumba unafaa? Na lile la mwisho, la mtu aliyekwisha kujaribu mwenyewe: mbona chungu changu kimepasuka motoni? Nayajibu yote hapa kwa kukupitisha katika kazi moja tangu udongo mbichi: mtungi mdogo wa mapambo, urefu wa sentimita 20 hivi, uliong'arishwa kwa kokoto na kuchomwa uwanjani.

Gurudumu na tanuri la umeme huvihitaji. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Kyela, hufinyanga vyungu vyembamba na vyepesi kwa mikono, huvichoma nje, kisha huvipakia kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, hupandisha vyombo vyake kwa kamba za udongo na kuving'arisha kwa kusugua. Sehemu ya ujuzi huo aliupata Nigeria, katika mji uliokuwa ukiitwa Abuja (sasa Suleja), kwa Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye picha yake imechapwa nyuma ya noti ya naira 20. Unachohitaji ni udongo mzuri na subira, hasa wakati wa kukausha. Mitungi mingi ya wanafunzi hufia hapo, ingawa lawama hutupiwa moto.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Udongo wa mfinyanzi, ndoo moja ya lita 20. Mtungi utachukua kilo tatu hivi, lakini udongo hupungua ukisafishwa, na utataka wa kujaribia.
- Vigae: vipande vya vyungu vilivyovunjika. Ukikosa, tofali la kuchoma lililovunjika linatosha.
- Ndoo mbili, kipande cha chandarua kuukuu cha kuchujia, shuka nzee au gunia safi, na mifuko ya nailoni.
- Kipande cha kibuyu kilichokatwa umbo la nusu mwezi (kadi ya benki iliyoisha muda inafanya kazi hiyohiyo), gunzi kavu la mhindi, kisu na uma.
- Kokoto ya mtoni iliyo laini kabisa, ukubwa wa dole gumba. Itafute mapema na usikubali yenye hata mkwaruzo mmoja, kwa kuwa kila mkwaruzo wake utauona kwenye mtungi.
- Ngeu, yaani udongo mwekundu wenye chuma, ukitaka wekundu uliokolea. Ukitaka weupe, tumia udongo mweupe wa kaolini. Vilima vya Pugu, nje ya Dar es Salaam, vinajulikana kwa udongo huo.
- Bakuli lenye kitako cha mviringo, na kata ya kitambaa au ya majani makavu ya mgomba ya kukalishia.
- Vitu vya moto: magunia mawili ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, kuni nyembamba, nyasi kavu. Pwani tumia makumbi, vifuu na makuti.
- Barakoa, fimbo mbili ndefu za mti mbichi, na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto ukitoroka.

Tenga wiki tatu hadi nne, masika zaidi. Kazi ya mikono ni siku chache tu. Zilizobaki ni kungoja.

Jambo moja la afya. Vumbi la udongo mkavu lina silika, nayo huharibu mapafu polepole bila wewe kujua. Usifagie pakavu unapofanyia kazi. Futa kwa kitambaa kibichi. Kuponda vigae kufanyike nje, ukiwa umevaa barakoa, watoto wakiwa mbali.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta udongo na uupime hapohapo. Tazama mabondeni, kingo za mito, majaruba ya mpunga, au mahali ambapo maji ya mvua hutuama siku nyingi. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na uchimbe chini yake. Lowanisha bonge dogo, ulifikiche, ulisokote liwe kamba nene kama penseli, kisha lizungushe kidoleni. Ikizunguka bila kukatika, udongo una mnato wa kutosha. Ikikatikakatika, una mchanga mwingi mno. Sogea ukachimbe pengine.

Nyumbani fanya vipimo viwili zaidi. Cha kwanza ni cha kusinyaa: tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kiache kikauke, upime tena. Mstari ukibaki sentimita 9 na nusu au 9, udongo ni wa kawaida. Ukishuka chini ya hapo, utahitaji vigae vingi zaidi katika hatua ya 3. Cha pili ni cha chokaa: dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa mapovu, una chokaa, na mtungi utakaotoka humo unaweza kubanduka vipande siku kadhaa baada ya kuchomwa. Mkaazi wa pwani asiruke kipimo hiki, maana ardhi yenye mawe ya matumbawe imejaa chokaa.

2. Osha na uchuje. Anika udongo ukauke kabisa, uuponde kiasi, kisha uumwage ndani ya maji mengi bila kukoroga. Udongo mkavu hujifungua wenyewe ndani ya maji. Ulio na unyevunyevu hubaki mabonge, ndiyo maana tunaukausha kwanza. Uache usiku kucha. Asubuhi koroga uwe uji, upitishe kwenye chandarua, utupe mawe na mizizi iliyobaki juu. Acha utuame siku moja au mbili, mwaga maji ya juu, kisha mimina tope kwenye shuka au gunia ulining'inize hadi lishikike bila kuganda viganjani.

Maji yenye udongo usiyamwage kwenye sinki. Bomba litaziba.

3. Changanya vigae. Ponda vigae hadi viwe chenga ndogo kama za sukari, uchekeche unga mwembamba sana uutoe. Kwa kila mafungu manne ya udongo weka fungu moja la chenga. Udongo uliosinyaa sana kwenye kipimo, weka fungu moja kwa matatu. Chenga hizi zimekwisha kuonja moto, kwa hiyo hazisinyai tena; hufungua njia ya mvuke kutoka na huusaidia mtungi kustahimili joto linalopanda haraka. Wanaoanza hupenda kuruka hatua hii kwa sababu udongo mtupu ni laini na mtamu kufinyanga. Kwa tanuri la umeme linalopanda polepole ungeweza kuponea, lakini kwa moto wa uwanjani usithubutu.

Funga mchanganyiko kwenye nailoni uulaze wiki moja. Ukiwa na haraka, siku mbili, ila mnato wake utakuwa hafifu.

4. Kanda. Weka bonge juu ya ubao, sukuma kwa viganja vyote viwili kwenda mbele, likunje, uligeuze robo, usukume tena. Dakika kumi hadi kumi na tano. Likate katikati kwa uzi: ukiona vishimo vya hewa au mistari ya rangi mbili, rudia. Wengi wameambiwa kwamba hewa ndiyo hulipua vyungu motoni. Kinacholipua ni maji yanayogeuka mvuke. Hewa hukuachia udhaifu ndani ya ukuta na uvimbe unapong'arisha, na hiyo ni sababu tosha ya kukanda vizuri.

5. Finyanga kitako. Tandika kitambaa kibichi ndani ya bakuli. Tandaza udongo uwe bapa wa unene wa sentimita 1, ulaze humo na uubonyeze ufuate umbo la bakuli. Punguza ukingo kwa kisu. Bakuli hili ndilo gurudumu lako: utakuwa unalizungusha kidogo kidogo juu ya kata huku mkono mwingine ukifanya kazi.

6. Pandisha kamba. Sokota kamba za udongo nene kama kidole cha shahada. Kwaruza ukingo wa kitako kwa uma, paka uji mzito wa udongo uleule, weka kamba, na uunganishe ncha zake kwa mshazari. Halafu, kwa dole gumba, vuta udongo wa kamba kwenda chini upande wa ndani pande zote, bila kuacha hata sentimita moja. Upande wa nje vuta udongo wa chini kwenda juu. Kamba iliyobandikwa juu ya nyingine bila kuvutwa itaachana nayo wakati wa kukauka, na hakuna uji utakaoirudisha.

Panua mtungi kwa kuweka kila kamba upande wa nje kidogo wa iliyotangulia. Ukifika tumboni, anza kuziweka upande wa ndani ili bega lijifunge. Usipandishe zaidi ya kamba nne kwa mpigo. Simama saa moja au mbili ukuta ukaze, ukingo ukiwa umefunikwa kitambaa kibichi ili uendelee kushika. Mtungi ulioharakishwa hulegea tumboni ukakaa chini wenyewe huku unautazama.

Unene ulenge milimita 8 mahali pote. Funga macho, uushike ukuta kwa kidole ndani na kidole nje, uuzungushe mtungi. Vidole hugundua tofauti ambayo macho huipita.

7. Kwangua na uweke nakshi. Uache mtungi ukaze hadi kidole kisibonyee lakini ukucha ukwaruze. Mara nyingi ni kesho yake. Utoe kwenye bakuli, uukalishe juu ya kata, ukwangue nje na ndani kwa kipande cha kibuyu, hasa karibu na kitako ambako udongo hubaki mzito. Kwa nakshi, viringisha gunzi la mhindi shingoni na utapata mkanda wa vidoto vilivyopangana vizuri. Unaweza pia kuchora kwa mwiba au kwa ncha ya kisu. Acha sehemu kubwa iwe tupu, kwa maana nakshi huonekana zaidi ikiwa na uwanja mtulivu kando yake.

8. Paka ngeu na ung'arishe. Saga ngeu iwe laini, ichanganye na udongo uliochujwa mara mbili na maji hadi iwe nzito kama maziwa mtindi. Paka mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukingoja uliotangulia ufifie. Mng'ao wa maji ukitoweka, anza kusugua kwa kokoto, vimduara vidogovidogo, ukishikilia ukuta kwa ndani kwa mkono wa pili. Kokoto ikiburuta udongo, ni mapema mno. Ikitoa sauti ya kukwaruza na unga, umechelewa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ungoje dakika tano, uendelee.

Kazi hii hula saa kadhaa kwa mtungi mmoja, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote. Mara ya kwanza utaona mng'ao, kisha utafifia udongo unapoendelea kukauka. Sugua mara ya pili, na ya tatu siku inayofuata. Mng'ao unaobaki baada ya mara ya tatu ndio utakaoingia motoni.

9. Kausha. Weka mtungi kivulini, ndani ya nyumba, mbali na dirisha lenye upepo. Siku tatu za kwanza ufunike nailoni kwa ulegevu na uigeuze nailoni kila siku, kwa sababu upande wake wa ndani hukusanya matone. Kisha ufunike mdomo peke yake, ambao ni mwembamba na hukimbilia kukauka kabla ya tumbo. Baada ya wiki fungua kabisa. Kiangazi wiki mbili hutosha. Masika ngoja tatu au zaidi.

Utajuaje umekauka? Rangi imefifia sawasawa, uzito umepungua, na ukiuweka shavuni hausikii ubaridi. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Usiuanike juani ili kuwahisha: upande mmoja utasinyaa kabla ya mwenzake, na ufa utafuata.

10. Choma. Chagua jioni isiyo na upepo, siku ambayo mvua haikunyesha. Jioni kwa sababu utahitaji kuona rangi ya moto. Kaa mbali na nyumba za makuti na nyasi kavu.

Anza kwa kupasha. Washa moto mdogo, pangia mtungi umbali wa kama mita moja, uugeuze kila baada ya muda na kuusogeza polepole. Chukua saa mbili hadi tatu. Umefika pale ambapo huwezi tena kuushika kwa mkono mtupu na hautoi mvuke wowote mdomoni. Ukitoka salama hapa, sehemu ya hatari imepungua sana.

Sambaza makaa uwanjani, tandika vigae juu yake, ulaze mtungi ubavu au uugeuze kifudifudi usiguse ardhi. Uzungushie na kuufunika kwa vinyesi vikavu pande zote, simamisha kuni nyembamba kama paa, kisha nyasi kwa wingi. Tia moto upande ule upepo unakoelekea ili uende taratibu kinyume na upepo. Mahali panapofunguka, ongeza kinyesi au nyasi. Usiruhusu upepo ugonge mtungi ulio wazi.

Baada ya saa moja hivi chungulia katikati ya makaa. Mtungi wenyewe ukiwa mwekundu uliofifia, uko karibu nyuzi joto 650 hadi 700. Maji yaliyofungamana na udongo huondoka kati ya nyuzi joto 450 na 600, na hapo ndipo udongo unapoacha kuwa udongo: hautayeyuka tena ndani ya maji. Dumisha wekundu huo kwa dakika ishirini au thelathini, kisha acha moto ufe wenyewe. Usijitahidi kupandisha joto mno, kwani ukikaribia nyuzi joto 1000 mng'ao wa kokoto hupotea.

Usiguse hadi asubuhi. Joto likikaribia nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na wa kushuka, na mtungi uliotolewa kwenye makaa kuja kwenye ubaridi hupasuka hapo. Utaona mafundi wazoefu wakitoa vyungu vyekundu kwa fimbo. Wanaujua udongo wao. Wewe bado unajuana na wako.

11. Ukitaka weusi. Mtungi ukiwa bado mwekundu, mwagia maranda au pumba za mpunga nyingi, funika kwa samadi iliyosagika na majivu hadi moshi usipate pa kutokea. Kila unapoona uzi wa moshi, ziba. Moshi utaingia kwenye vinyweleo vya udongo, na chuma kilicho ndani ya ngeu, kikikosa hewa, hugeuka kutoka wekundu kwenda weusi. Palipoingia hewa patabaki na doa jekundu au la kahawia. Mimi huyapenda madoa hayo na siyafichi. Fimbo ulizoandaa ni za kusukumia pumba hapa. Mikono ikae mbali.

12. Malizia. Futa majivu kwa kitambaa laini, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti inayolia ni ya mtungi mzima. Sauti butu ni ya ufa au ya moto uliokuwa mdogo. Paka nta ya nyuki kidogo, usugue kwa kitambaa cha pamba.

Mambo yakienda kombo

*Ufa unaoshuka kutoka mdomoni.* Mdomo ulikauka kabla ya tumbo. Mara nyingine funika mdomo siku nyingi zaidi.

*Ufa katikati ya kitako.* Kitako kilikuwa kinene kuliko ukuta, au maji yalituama ndani ulipokuwa unafinyanga. Yafyonze kwa sifongo na ubonyeze kitako vizuri kabla ya kupandisha kamba.

*Ufa wa kulala unaozunguka tumbo.* Kamba hazikuvutwa. Rudia hatua ya 6 kwa makini. Ufa kwenye mtungi ambao haujachomwa usiuzibe kwa udongo mbichi, kwa sababu mbichi itasinyaa na kuanguka. Uloweke mtungi mzima ndani ya maji, utarudi kuwa udongo, na hakuna kilichopotea.

*Mlipuko wenye kishindo dakika za mwanzo za moto, vipande bapa vikiruka.* Maji. Mtungi haukukauka au ulipashwa haraka. Ukisikia kishindo wakati wa kupasha, usogeze mbali na moto mara moja, ungoje kabla ya kuurudisha.

*Ngeu inabanduka kama magamba.* Ilipakwa kwenye udongo uliokwisha kukauka, au ni nzito mno. Ichanganye zaidi na udongo uleule wa mtungi.

*Mng'ao umepotea baada ya moto.* Joto lilizidi, au ulisugua mara moja tu. Nta hurudisha kiasi.

*Mtungi unamomonyoka ukilowa.* Moto haukufika. Uache ukauke tena wiki nzima, uupashe, uuchome upya kwa kinyesi kingi zaidi.

*Vishimo vyenye kitone cheupe ndani, siku chache baada ya kuchoma.* Ni chokaa. Motoni iligeuka chokaa kali, sasa inafyonza unyevu wa hewa na kuvimba. Ikiwa udongo wako ulitoa mapovu kwa siki na huna mwingine, uzamishe mtungi wote kwenye maji punde tu unapopoa, uloweke siku moja. Wakati mwingine huokoka. Udongo uliobaki mpe fundi matofali.

Matumizi yake

Mtungi huu unavuja maji taratibu, ndivyo ulivyo udongo uliochomwa uwanjani, na ndivyo mtungi wa maji wa nyumbani unavyopoza: maji yanayotokeza nje hukauka na kuchukua joto. Kwa maua mabichi weka chupa au kopo ndani yake. Mtungi mwekundu usiopakwa nta unaweza kuuziba kwa uji mwembamba wa unga: uchemshe uji ndani ya mtungi kwa moto mdogo, uache ulale humo, umwage, urudie. Mweusi na uliopakwa nta uuweke kwa mapambo tu.

Ule utando wa kioo unaouona kwenye vikombe vya chai ni kazi nyingine, inayohitaji tanuri linalofika nyuzi joto 1000 na kuendelea. Usijaribu kuuiga kwa rangi ya mafuta au vanishi ndani ya chombo cha chakula, na ukiuziwa unga wa utando huo bila maelezo ya viungo vyake, uuache dukani. Mingine ina risasi, ambayo ni sumu.